Mahindi ya Makutupora yalifyekwa mapema mno

Oktoba 2016, kwenye kituo cha utafiti cha Makutupora, Dodoma, mahindi ya GMO, yaani yaliyobadilishwa jeni, yalipandwa ndani ya uzio kama mradi wa majaribio, ya kwanza nchini. Novemba 2018 Wizara ya Kilimo ikaamuru majaribio yasitishwe na mabaki yote yateketezwe. Tangu hapo wanaoyataka na wasioyataka wanabishana kwa mifano ya nchi za wenzetu.

Jeni ya kustahimili ukame iliyotiwa kwenye mahindi hayo, cspB, imetoka kwa bakteria wa udongoni, Bacillus subtilis. Husaidia mmea uendelee kukua maji yakipungua, lakini haileti maji. Dodoma mvua ni ya msimu mmoja, na mara nyingi hukatika Februari, mahindi yanapochanua. Ukame ukikaza hapo, chavua hufa, ndevu huchelewa kutoka, na gunzi hubaki na punje za kuhesabu. Mtama na uwele huvumilia zaidi, na ni chakula cha Wagogo tangu zamani.

Kwangu hoja nzito zaidi ni ya wadudu. Mradi uleule ulikuwa na jeni ya Bt, inayoufanya mmea utoe sumu ya kumuua funza wa mabua anapoutafuna. Kwa mkulima asiye na bomba la dawa, hiyo ni faida ya kweli. Tatizo ni usugu. Afrika Kusini funza hao walishaizoea sumu hiyo, na mwaka 2007 ikaripotiwa. Masharti ya kule yalikuwa kutenga asilimia 5 ya shamba kwa mahindi ya kawaida yasiyopigwa dawa, ili wadudu wasio sugu wabaki na kupandana na walio sugu, usugu usienee. Wengi hawakutenga. Kwa eka moja ya Chamwino, sehemu hiyo ni kama mita 10 kwa 20 tu, inawezekana kabisa. Kigumu ni mbegu: wakulima wengi hupanda walizoweka msimu uliopita, mashamba yanapakana, na chavua huvuka mpaka. Baada ya misimu miwili shamba linakuwa na mimea yenye Bt na isiyo nayo, na funza anayehama kutoka mmoja kwenda mwingine hupata sumu isiyomtosha kufa. Usugu huota hapo.

Wapinzani wana haki kuliogopa hilo, pamoja na swali la nani anamiliki mbegu. Lakini kufyeka jaribio kuliwanyima hata wao takwimu za udongo wetu. Lirudiwe, na pembeni yake vipandwe mtama wa aina ya Macia na mahindi chotara ya kawaida ya mradi huohuo, baadhi kwenye mashimo ya Chololo, ya kupandia na kukinga maji ya mvua, yenye samadi, kina cha takriban sentimita 30. Zipimwe kilo kwa eka, pamoja na gharama ya mbegu na vibarua.