Nishani ya Beni ianze na orodha, si na shaba

Tangu 30 Novemba 2021 FARDC, jeshi la Kongo, wakishirikiana na jeshi la Uganda, wanapigana na waasi wa ADF huko Beni na Ituri, mashariki mwa Kongo, katika operesheni Shujaa, na kabla yake ilikuwepo operesheni Sukola 1 ya FARDC. Askari hao wanastahili nishani ya vita hiyo yenyewe. Lakini tukianza na mchoro tutaiharibu. Tuanze na siku ambazo kila mmoja alitumika huko.

Marekani ilitoa nishani mbili za vita dhidi ya ugaidi kwa amri ya rais ya 12 Machi 2003. Ya waliopelekwa ng'ambo ilidai siku 30 mfululizo au 60 za kujumlisha, na aliyeuawa au kujeruhiwa hakuhesabiwa siku. Ya pili, ya waliosaidia, iligawiwa karibu kila mwenye sare, uzito wake ukapungua. Kwetu itoshe moja tu, ya waliokanyaga Beni na Ituri, dereva wa lori na muuguzi wakiwemo.

Orodha ya wanaostahili itoke kwenye daftari la kila siku la kompani. Usiitoe kwenye orodha ya mishahara ya leo: askari akifa, jina lake huondolewa humo, na mjane wake anasahauliwa mara ya pili.

Shaba tunayo hapa Lubumbashi, na zinki iko Kipushi. Sehemu 95 za shaba kwa 5 za zinki, duara la milimita 36, unene milimita 3. Isimiminwe kwenye mchanga, maana itatoka na vitundu na sura itafifia. Ipigwe kwa presi na kalibu ya chuma. Wafua shaba wetu wanajua kwamba shaba ikipigwa inakuwa ngumu. Usipoirudisha motoni kabla ya pigo linalofuata, ukingo unapasuka. Kishikizo cha utepe kiunganishwe kwanza, jina lipigwe mwisho.

Kwangu mimi ukingo huo ndio nishani yenyewe. Una kama milimita 113 kuzunguka, unaenea matrikule (namba ya askari), cheo na jina. Kabla ya kulipiga, mwoneshe mjane namna lilivyoandikwa, umfuate kambini kwake, usimwite ofisini. Majina yetu huandikwa kwa namna mbili tatu, na herufi iliyopigwa kwenye shaba haifutiki: ukiisaga kwa tupa, panabaki bonde ambalo mtoto wake ataligusa kwa kidole.