Tumche Mungu Hata Asipotupa Kitu

Katika makanisa mengi ya Nairobi, ibada ya Jumapili hufika wakati wa ushuhuda, na foleni hujipanga upesi mbele ya madhabahu: huyu amepata viza, yule ameajiriwa, mwingine amenunua ploti Kitengela. Kumshukuru Mungu kwa hayo ni haki kabisa. Kinachonihuzunisha ni kwamba ni nadra mno kumsikia mtu akiitwa aeleze jinsi alivyoomba akakosa, na bado anampenda Bwana. Aliyekosa hukaa kimya nyuma akijiona mwenye imani haba.

Kutokana na kimya hicho, mahubiri ya kupanda mbegu yamepata nguvu. Muumini hutajiwa kiasi cha kutuma kwa M-Pesa na kuahidiwa mavuno maradufu. Mavuno yasipokuja, lawama humrudia yeye, hata kama ni mama wa mtaa wa mabanda wa Mukuru aliyetoa kodi ya nyumba. Mimi siwezi kuuita utoaji huo sadaka, kwa sababu anayetoa ameshapangiwa faida, na Mungu amefanywa njia ya kuifikia.

Maandiko yalilitambua jambo hili zamani. Katika sura ya kwanza ya Kitabu cha Ayubu, Shetani haulizi kama Ayubu anaomba au anatoa sadaka. Anauliza kama anamcha Mungu bure, na kitabu kizima kinalijibu swali hilo kwa mtu aliyepoteza mifugo, watoto na afya. Shadraka, Meshaki na Abednego nao walimwambia mfalme Nebukadneza kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa na tanuru la moto, na kwamba hata asipowaokoa hawataisujudia sanamu. Sehemu hiyo ya pili ya jibu lao ndiyo ninayotamani ihubiriwe kwetu, maana ile ya kwanza tunaihubiri kila wiki.

Viongozi wa kanisa nao hujaribiwa, na wanasiasa wanajua vyema thamani ya kuonekana madhabahuni. Mnamo Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi, chini ya Askofu Mkuu Philip Anyolo, lilikataa michango aliyotoa Rais William Ruto katika Kanisa Katoliki la Soweto, zikiwemo shilingi milioni 2 za kujenga nyumba ya padri, likaagiza zirudishwe. Nyumba ilihitajika. Naamini uamuzi huo ulimheshimu Mungu kuliko harambee nyingi tulizozipigia makofi.

Namfahamu mama mmoja ambaye kibanda chake cha mitumba kiliteketea katika soko la Gikomba pamoja na marobota ambayo hakuwa amemaliza kuyalipia. Jumapili iliyofuata alikuja kanisani na leso yake ileile ya chama cha akina mama, akaimba hadi mwisho, kisha akabaki kufagia. Nawaomba wachungaji wetu wampe kipaza sauti mtu kama huyo, hata kama bado anadaiwa.