Sikutukana kanisani, uzi ndo ulikatika

Haya, kwa kuwa kuna mtu (anajijua, tunakaa nyumba moja hapa Bremen) keshatuma voisi ya dakika nne kwenye grupu kwamba nimetukana kanisani na gitaa likalipuka, acheni niseme mwenyewe. Sikutukana. Na sio gitaa, ni luti, mtoto wa udi aliyehamia Ulaya zamani akaota manyuzi mpaka akasahau kwao.

Mie udi nimeshika toka mdogo Unguja, nikajiambia luti itanishinda nini. Mwalimu alitaka nichukue tiorba, luti kubwa ya shingo ndefu, ndo inayofaa kusindikiza waimbaji, besi zake zinafika. Kuiona shingo yake inanipita kimo na mie mtu wa tramu, nikasema hapana, nipe hii ya baroki, muziki wa Ulaya wa zamani. Kumbe ina safu 13, mbili za mwanzo uzi mmoja mmoja, zilobaki mbili mbili, pigeni hesabu wenyewe, nyuzi 24 na vigingi 24 vya kuzikazia. Mattheson, mwanamuziki wa Hamburg, aliandika mwaka 1713 kwamba mpiga luti akifika miaka 80 basi 60 kaimalizia kwenye kutyuni. Nilipoisoma nilicheka sana.

Uzi wa kwanza ni utumbo wa kondoo, haufiki hata nusu milimita. Wa zamani ulishaanza kuota manyoya, nikaweka mpya, tena mnene kidogo ndo uhimili. (Wanaojua mshaanza kucheka. Unene hausaidii kitu, kwa urefu uleule uzi wa utumbo ukifika sauti yake ya kukatika unakatika, mnene mwembamba sawa.) Halafu simu. Siku moja kabla ya onyesho la kanisani nilipiga udi harusini, app ya kutyuni ikabaki 440, kipimo cha sauti cha siku hizi. Wenzangu wa baroki wako 415, nusu toni chini. Mie chumba cha nyuma nimezikaza zote 24 kwenye 440 na kujisifu juu.

Tunakaa mbele. Harpsikodi, kinanda cha nyuzi cha zamani, inatoa sauti. Nadonoa yangu. Yarabi.

Nikaanza kushusha moja moja, watu wananitazama, baridi ya kanisa ile, vigingi vimekaza kama vimegongewa misumari. Muimbaji anatabasamu, tabasamu la mtu anayesubiri daladala. Kufika uzi wa pili nikaushusha ukapitiliza, sasa naupandisha. Nadonoa, nasikiliza, haupandi. Nazungusha kidogo. Nadonoa. Uko palepale. Nazungusha tena, sasa naona huu uzi una kiburi, nainamisha sikio mpaka shavu linakaribia kugusa luti, kanisa kimya, nasikia mtu anafungua pipi huko nyuma. Nazungusha. Jamani, mkono wangu ulikuwa kwenye kigingi cha jirani. Nadonoa uzi wa pili, nakaza wa kwanza! Na wa kwanza ndo huyo kondoo, alikuwa bado yuko 440, roho mkononi.

PWAA! Ncha ikanichapa shavuni, nami kwa sauti yote niliyopewa na Mola, "YARABI TOBAAA!"

Yale makanisa yana mwangwi. Toba ilienda mpaka kwenye kinanda kikubwa, ikazunguka, ikarudi. Kimya. Bibi mmoja wa mstari wa mbele akaniinamia kwa huruma, akaniambia "Gesundheit."

Kwa msiojua, hivyo ndo Wajerumani wanavyomwambia mtu aliyepiga chafya.

Nami nikajibu ahsante. Ningesemaje?

Basi nikapiga bila uzi wa kwanza, kipande cha Weiss, mtunzi wa luti, nilichotakiwa kupiga peke yangu kikafutwa, tukala keki, tukarudi nyumbani, uzi nimeagiza, app iko 415 na harusi zenu msinialike.

Voisi imeshafika Unguja. Mama kapiga leo asubuhi. Nikajua ataulizia shavu. Kaniuliza hao kondoo wamechinjwa na nani.