Msiizime seva kabla hamjaiuliza inafanya nini

Kuna ofisi moja, jina naliacha, ambayo seva yake ya kanzidata huzimwa na kuwashwa kila siku saa 11 alfajiri. Kazi hiyo imepangwa kwenye cron, programu inayoendesha kazi kwa ratiba, na kwenye daftari la idara imeandikwa kuwa ni matengenezo. Nilipouliza inatengeneza kitu gani, nikaambiwa bila hivyo mfumo unakuwa mzito ikifika saa 5 asubuhi. Nikauliza tena: na mkiizima alfajiri, saa 5 unakuwaje? Unakuwa mzito vilevile. Mchana wanaizima tena.

Nimekasirika na sioni sababu ya kuficha. Waliopanga ratiba hiyo si wavivu; kuna anayeamka usiku kuhakikisha imewaka. Kinachoniuma ni kwamba bidii yote hiyo inatumika kufuta ushahidi. Seva iliyolemewa huwa na jibu lenu tumboni wakati uleule inapolemewa: nani ameunganishwa, anaendesha kweri gani (yaani swali analoiuliza kanzidata), ameanza lini, anasubiri nini. Kama kanzidata yenu ni MySQL andika SHOW FULL PROCESSLIST, kama ni PostgreSQL soma pg_stat_activity, utaviona vyote. Ukiizima, orodha hiyo haipo tena. Hata takwimu za performance_schema ya MySQL, ambazo zingekuonyesha ni kweri ipi imekula muda mwingi tangu asubuhi, zinakaa kwenye RAM, kumbukumbu inayofutika, peke yake na zinaanza upya kwenye sifuri. Ni kudeki sakafu yenye nyayo za mwizi kabla mpelelezi hajafika.

Najua kwa nini watu wanaamini kuzima kunatibu. Ukizima, miunganisho yote iliyokuwa imerundikana inakatika kwa mpigo, foleni inaisha, na kwa dakika chache kila kitu kinakwenda. Lakini umeondoa foleni tu. Kilichoisababisha bado kipo. Tena umeirudisha seva ikiwa na njaa. InnoDB, injini ya MySQL inayotunza data, huweka kurasa za majedwali kwenye bafa yake ndani ya RAM ili isiende diskini kila mara, na ukizima, bafa hiyo inamwagika. Tangu MySQL 5.7 inahifadhi orodha ya sehemu ya kurasa hizo, robo kwa chaguo-msingi, na kuzipakia upya ikiwaka, nakubali hilo linasaidia. Zilizobaki zitasomwa diskini moja moja, huku watu wako dirishani. Na kama kulikuwa na UPDATE kubwa, amri ya kubadilisha mistari, katikati ya safari, kuizima hakukuepushi nayo: ikiwaka itaendelea kuirudisha nyuma ilipoachia.

Pale ofisini tulifanya jambo dogo. Ilipofika saa 5 tukaomba wasiguse kitu, tukaangalia. Orodha ilijaa kweri moja, ileile, imejirudia mistari mingi, kila moja ikiwa na sekunde kadhaa. Ilikuwa inatafuta malipo ya mteja kwa namba ya simu.

Sisi wa huku tunaielewa vizuri kweri hiyo. Namba ya simu ndiyo utambulisho wa mtu: ndiyo akaunti, ndiyo risiti, ndiyo anayoitaja mteja akifika dirishani bila karatasi. Safu ya simu ilikuwa ya maandishi, VARCHAR, kama inavyotakiwa, maana namba inaweza kuanza na sifuri au alama ya kujumlisha. Indeksi, faharasa inayoiwezesha kanzidata kumfikia mtu bila kusoma jedwali zima, ilikuwepo. Msimamizi alinionyesha kwa fahari kabisa kwamba indeksi ipo, na alikuwa anasema kweli. Ila programu ilikuwa inatuma namba bila alama za nukuu, yaani inatuma nambari ilhali safu ni maandishi.

MySQL hailalamiki ikikutana na hali hiyo. Inabadilisha kila thamani iliyomo kwenye safu kuwa nambari, ndipo inalinganisha. Na kwa kuwa maandishi mengi tofauti yanaweza kuzaa nambari moja, mathalani '1', ' 1' na '1a' yote yanakuwa 1, haiwezi kuitumia indeksi ya maandishi kumfikia mtu mmoja. Inasoma jedwali zima. Jedwali la malipo, mamilioni ya mistari, kwa ajili ya mama mmoja anayesubiri risiti yake. Tukaweka mbele ya kweri neno EXPLAIN, linaloifanya MySQL ieleze itakavyosoma: kwenye safu ya type ikaandika ALL, yaani jedwali zima, kwenye possible_keys indeksi ya simu ikatajwa, kwenye key ikawa NULL, yaani hakuna iliyotumika. Ukweli wote ulikuwa kwenye mstari huo mmoja, bure, bila kununua kitu.

Kibaya zaidi ni kwamba majibu yalikuwa sahihi. Hata ile sifuri ya mbele ikipotea, ulinganisho wa nambari unampata mteja yuleyule, kwa hiyo hakuna jaribio lolote lililogoma. Jedwali lilipokuwa dogo hakuna aliyehisi. Likakua kimyakimya pamoja na wateja, hadi siku ofisi ilipoanza kuzimazima seva. PostgreSQL tangu toleo la 8.3 la mwaka 2008 inakataa ulinganisho wa namna hiyo na kutoa kosa papo hapo. Watu wengi waliudhika wakati ule, mimi naona walitendewa wema.

Tiba ilikuwa alama za nukuu, au kwa usahihi zaidi, programu kutuma thamani kwa aina yake. Mashine ni ileile. Ombi la kununua seva yenye RAM mara mbili lilikuwa limeshaandikwa na kusainiwa.

Ndiyo maana sikubali kuambiwa kwamba huu ni ubishi wa mafundi. Aliyeko dirishani ndiye anayetukanwa. Anasema "mfumo unasumbua, subirini kidogo", watu wanamwangalia kama mwongo, na yeye hakuandika hata herufi moja ya kweri ile. Yupo mtu aliyeomba ruhusa kazini, akapanda daladala mbili, akarudi nyumbani bila huduma kwa sababu jedwali linasomwa lote. Hilo ni deni letu, sisi tunaokaa nyuma na funguo za seva.

Sasa nije kwenye lile neno linalotisha watu, mzigo. Unafungua top, amri ya Linux inayoonyesha hali ya mashine, unaona wastani wa mzigo ni 60 kwenye mashine yenye viini 8, unahitimisha kwamba prosesa imezidiwa. Pengine haijazidiwa kabisa. Linux, tangu mabadiliko ya mwaka 1993, huhesabu pia kazi zilizolala zikisubiri diski, zile zenye herufi D. Kwa hiyo 60 inaweza kuwa watu 60 wamesimama mlangoni kwa diski huku prosesa inapiga miayo. Soma tarakimu ya "wa" kwenye top, muda wa kusubiri diski, soma iostat -x, tazama safu za "si" na "so" kwenye vmstat kujua kama imeanza kutumia swapu, yaani diski badala ya RAM. Zile tarakimu tatu za juu, za dakika 1, 5 na 15, zinakwambia tu kama hali inapanda au inashuka.

Na kinyume chake kinawachanganya wengi zaidi: mzigo uko chini, prosesa imetulia, diski imetulia, na bado hakuna anayejibiwa. Hapo tafuta kufuli. Kuna mtu, au kipande cha programu, kimefungua muamala, kimebadilisha mstari, kisha kikaenda kuita huduma nyingine ya nje bila kufunga. Wengine wote wanamsubiri, na anayesubiri kufuli kwa kawaida haongezi mzigo. InnoDB itawaacha wasubiri sekunde 50 kabla ya kukata tamaa. Mtu wa dirishani ameshabonyeza mara nne. Mwonekano wa sys.innodb_lock_waits unamtaja anayezuia. Kwenye PostgreSQL mtafute aliyeandikwa "idle in transaction", yaani amefungua muamala na amekaa tu. Mkate huyo mmoja. Usiikate ofisi nzima. Na tafadhali, usimkate kwa kill -9, amri ya kuua mchakato kwa nguvu, kutoka kwenye Linux: PostgreSQL ikiona mchakato mmoja umeuawa hivyo inawaondoa wote na kuanza urejeshaji.

Kosa la "Too many connections" nalo lina watu wake, wanaopandisha kikomo cha miunganisho ya MySQL kutoka 151 hadi 2000 na kwenda kula. Miunganisho imejaa kwa sababu kweri haziishi. Ukifungua mlango mpana zaidi utaingiza watu wengi zaidi wa kugombania diski ileile. Ila jueni hili: MySQL huacha nafasi moja ya ziada juu ya kikomo kwa ajili ya msimamizi, ili aingie aangalie hata pakijaa. Ukiipa programu yako akaunti yenye mamlaka ya msimamizi, programu itaichukua nafasi hiyo, na wewe utabaki nje.

Kuna siku itabidi uzime. Hospitali ina wagonjwa, kaunta ina watu mia, na bosi amesimama nyuma ya kiti chako. Sawa, zima. Lakini kwanza ihifadhi orodha ya kweri kwenye faili, pamoja na matokeo ya SHOW ENGINE INNODB STATUS. Ni dakika moja, na kesho asubuhi utakuwa na pa kuanzia.

Kama una dakika nyingine leo, washa logi ya kweri zinazochelewa. Kiwango cha MySQL cha kuzaliwa ni sekunde 10, kirefu mno kwa mtu aliye kwenye foleni. Weka SET GLOBAL slow_query_log = 'ON' na SET GLOBAL long_query_time = 1; havihitaji kuzima chochote, ila miunganisho iliyokwisha kufunguliwa itaendelea na muda wa zamani, na kuanzia toleo la 8.0 tumia SET PERSIST ili yasipotee. Angalia nafasi ya diski, logi hukua. Wa PostgreSQL, ALTER SYSTEM SET log_min_duration_statement = '1s', kisha SELECT pg_reload_conf(). Kama pg_stat_statements, kiongezi kinachojumlisha muda wa kila kweri, haijawahi kuwekwa kwenye shared_preload_libraries, hiyo kweli inadai seva izimwe na kuwashwa. Ipangieni Jumapili usiku, mara moja, na muiondoe ile ya saa 11 alfajiri kwenye cron.