Nietzsche na mtihani alioutunga mwenyewe

Kisichoniua hunitia nguvu. Nietzsche, mwanafalsafa Mjerumani, aliandika hivyo mwaka 1888, na wahamasishaji wa mitandaoni wameitafuna sentensi hiyo kama muwa hadi yamebaki makapi. Vipo vingi visivyoua ambavyo humwacha mtu hoi, na yeye alivijua. Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, kilimpa uprofesa mwaka 1869 akiwa na miaka 24. Miaka 10 baadaye akauacha, kichwa kikimpasua, macho yakififia, akitapika siku nzima.

Kwa hiyo kujishinda anakokusema, nusu ya kwanza ya fundisho lake, hakuhusu kuamka alfajiri ili uwapite wenzako. Wa kushindwa ni wewe wa jana: imani uliyorithi bila kuihoji, kinyongo unachokifuga huku ukikiita haki. Katika kitabu chake cha Zarathustra, uhai wenyewe unafunua siri yake kwamba ni kitu ambacho sharti kijipite kila mara.

Nusu ya pili ya fundisho hilo ndiyo ngumu. Sisi tuna liandikwalo ndilo liwalo, na anayelitamka huwa ameinamisha kichwa: yamekwisha, ameridhika. Nietzsche haridhiki na kuridhika. Anataka uyapende yaliyokupata, usitamani hata moja lingekuwa vingine. Kipimo chake cha mwaka 1882 ni pepo anayekujia ukiwa mpweke kabisa na kukuambia utayaishi maisha haya haya tena na tena, bila idadi, kila chozi mahali pake. Je, utasaga meno, au utamwona ni mungu?

Mimi swali hili nalipenda kwa sababu halikuachii pa kujificha. Anayengoja maisha yaanze baada ya kupandishwa cheo, au baada ya kufa, hana la kumjibu yule pepo.

Lakini jibu la "ndiyo" lina heshima likitoka kinywani mwa mwenye maumivu. Mpelekee mama aliyetoka kumzika mwanawe, uone litakavyogeuka ukatili. Tena Nietzsche anashikilia kwamba mambo yote yamefungamana. Ukiikubali furaha moja umeikubali na misiba yote iliyoileta, ikiwemo ya watu ambao hukuwauliza. Watetezi wake hujibu kwamba hakuagiza uovu uitwe wema, alitukataza tu kugombana na jana isiyobadilika. Hapo wana hoja, ila kuacha kugombana na kitu bado si kukipenda, naye alidai kupenda.

Na yeye aliufaulu mtihani huo wa pepo? Mwishoni mwa mwaka 1888, akiisahihisha Ecce Homo, kitabu kinachosimulia maisha yake mwenyewe, aliandika kwamba pingamizi lake zito kuliko yote dhidi ya wazo la kurudia maisha milele ni mama yake na dada yake. Yaani pepo akija, hao wawili wasirudi! Maneno hayo yalifichwa, yakachapishwa mwaka 1969. Siku chache tu baada ya kuyaandika, Januari 1889, akili ilimtoka akiwa Turin, Italia. Aliyemchukua nyumbani Naumburg, Ujerumani, akamlisha na kumtembeza mkono kwa mkono mpaka alipofariki mwenyewe mwaka 1897, ni yule yule mama.