Mjomba Kataka Chakula cha Mchina

Kuna adhabu moja ya kuishi New York ambayo hawakuandikii kwenye viza. Ukishakaa miaka mitatu tu, kila ndugu, jirani na rafiki wa shemeji anayepita huku anakufanya mwenyeji wa jiji zima. Mimi naishi Bronx, kazi yangu kusukuma maboksi ghalani. Lakini mtu akishuka uwanja wa ndege, kabla hajauliza choo kiko wapi: "Tupeleke kwa Wachina tukale." Tukale wapi? "Si wewe ndiye mwenyeji!"

Swali lenyewe limekaa vibaya. Kuuliza wapi kuna chakula kizuri cha Kichina ni sawa na mtu ashuke Kariakoo aulize wapi kuna chakula kizuri cha Kitanzania. Kipi, baba? Ndizi za Mhaya, ugali wa Msukuma au pilau la watu wa Pwani? Pale Manhattan, Mott Street na vichochoro vyake ni vya Wakantoni wa zamani, Wachina wa upande wa Guangzhou, kusini. Ukivuka kuelekea East Broadway umeingia kwa watu wa Fujian, jimbo jingine la China, waliokuja kwa wingi miaka ya 1980. Lugha nyingine, supu nyingine. Na ukimwuliza yeyote anayejidai mjuzi atakujibu kwa dharau kwamba Manhattan ni ya watalii, chakula chenyewe kiko Flushing, mwisho wa treni namba 7. Ukifika Flushing atakwambia hapana, siku hizi ni Eighth Avenue kule Brooklyn. Nina hakika ukifika Brooklyn utaambiwa urudi Guangzhou, China kwenyewe.

Basi mwezi uliopita kaja mjomba. Mjomba wangu ni mtu wa Tandika, anauza vyombo vya plastiki Kariakoo, na mzigo wake wote unatoka China. Kwa hiyo Wachina anawahesabu kama wakwe zake. "Mpwa, hao mimi nafanya nao kazi miaka kumi na tano," akaniambia. "Wewe nipeleke tu, mazungumzo niachie mimi." Halafu, tumeshavaa viatu, ndipo anatoa masharti: kitimoto hataki hata harufu, na nyama yoyote isiyochinjwa na Mwislamu hagusi. Jamani! Unakwenda mtaa ambao kila dirisha limening'iniza nguruwe mzima aliyeng'aa kama kabati jipya, na masharti unayatoa mlangoni?

Tukapanda treni D hadi Grand Street. Kutoka nje tu, mjomba akamsimamisha bibi mmoja mwenye kitoroli cha mboga. "Ni hao!" Ndiyo salamu ya Kimandarini, Kichina cha serikali. Bibi akamwangalia, akaniangalia mimi, akaendelea na safari yake. Wazee wengi wa pale Kikantoni ndicho chao, lugha nyingine kabisa. Mjomba akasema bibi ana haraka.

Kwenye madirisha ya migahawa akaona herufi. A, A, B, A. Akauliza kama ni matokeo ya mtihani. Nikamwambia ndiyo hasa, tangu 2010 mabwana afya wa jiji wanapita na karatasi, kila kosa lina alama zake, na kadiri alama zinavyopungua ndivyo unavyofaulu. Ukipata 13 kushuka chini unapewa A, 14 hadi 27 ni B, 28 kwenda juu ni C, na unabandika herufi yako pale wateja waione. Mjomba akacheka mpaka akashika nguzo. "Wakija kwetu Tandika na hiyo karatasi, alfabeti itawaishia." Lakini kuanzia hapo akawa mkaguzi. Kila mlango anainama kusoma. Tumepita B moja yenye watu wamejaa, wote wazee wa Kichina, kila mmoja na bakuli la uji wa mchele na kitu kama andazi refu la kuchovya. Mimi siku zote nafuata wazee, sifuati herufi. Mjomba akakataa: "Mimi sijapanda ndege siku nzima nije kula B."

Dirisha lililofuata ndilo lililomuumiza. Mtu amekaa na kisahani cha miguu ya kuku, imepikwa na mchuzi mwekundu, laini, anafyonza vidole kimoja kimoja na kutema vifupa pembeni kwa heshima zote. Mjomba akasimama. Tandika kila jioni, pale chini ya taa, kuna kijana anakaanga miguu na vichwa vya kuku, na mjomba ni mteja wake wa kudumu. "Mpwa," akasema kwa sauti ya chini, "wanakula miguu." Nikamwambia ndiyo mjomba, tena kwao si chakula cha mwisho wa mwezi, ni kitafunio cha kunywea chai. Akauliza imechinjwa na nani. Sikumjibu. Akatoka pale dirishani kama mtu anayetoka makaburini.

Nikambembeleza kwa matembezi. Nikampitisha Doyers Street, kichochoro kilichokunjika kama kiwiko, zamani magenge yalikuwa yanaviziana kwenye ile kona. Nikamwonyesha mgahawa wa Nom Wah, wanauza dim sum, vile vitafunio vya kunywea chai, tangu 1920. Akapiga hesabu: wameizidi TANU miaka 34. Nikampeleka Columbus Park, wazee wamejaa, karata huku, sataranji ya Kichina kule, na nyuma ya kila mchezaji watu sita wanaomfundisha kwa kelele. Hapo mjomba akasahau njaa. Ni kijiwe cha drafti kilekile, kimebadilishwa kofia tu. Sheria hajui hata moja, lakini dakika tano hazijaisha keshachukua upande na anaguna mtu akikosea.

"Hawa wamekujaje wengi hivi na migahawa yote hii?" akauliza. Hapo na mimi nikapata nafasi ya kujidai. Nikamwambia mwaka 1882 Marekani ilitunga sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie. Mfanyabiashara ruksa, kibarua marufuku. Sasa mwaka 1915 mahakama ikakubali kwamba mwenye mgahawa naye ni mfanyabiashara. Basi! Watu wakachanga hela, wakafungua migahawa, kwa sababu sufuria ndiyo ilikuwa inaleta karatasi za kusafiri na kuita ndugu. Ile sheria ilikaa hadi 1943. Mjomba akatafakari. "Kwa hiyo watu walikuwa wanapika viza." Sijawahi kusikia mtu akilieleza vizuri hivyo, na inaniuma kwamba amelisema yeye.

Saa sita na nusu tumbo langu likakata shauri. Nikakumbuka upande wa Mott Street kuna mgahawa wa Kichina usiopika nyama kabisa. Mboga, soya na ngano tupu, tena una cheti cha marabi, nusu ya wateja ni Wayahudi wenye kofia zao. Nikasema leo nimeokoka. Hakuna nyama, hakuna mchinjaji, hakuna kesi.

Tukakaa. Chai ikaja. Mjomba akaonja, akaweka kikombe chini taratibu. "Hawa wamefiwa?" Kwa nini mjomba? "Chai haina sukari, haina tangawizi, haina hata iliki." Nikamwonyesha adabu za pale: ukimiminiwa chai unagonga meza kwa vidole viwili, ndiyo asante. Ukitaka nyingine unaacha kifuniko cha birika wazi. Akagonga meza kama anabisha hodi, mhudumu akaja mbio akidhani kuna moto.

Halafu akafungua menyu. Nikaona uso unabadilika.

"Mpwa. Hapa pameandikwa nguruwe."

Ndiyo mjomba, lakini si nguruwe, ni soya.

"Hapa bata. Hapa nguruwe wa sukari na siki. Hapa nguruwe wa kuchoma. Umenileta wapi?"

Nikamweleza. Wanachukua unga wa ngano, wanaukanda na kuuosha mpaka wanga utoke, inabaki ile gundi inayonyumbuka, wanaipika mpaka inatafunika kama nyama. Watawa wa Kibudha wasiokula nyama ndio mafundi wa hizi kazi tangu enzi. Mjomba akanisikiliza mpaka mwisho. "Kama ni ngano, kwa nini wasiseme ngano? Mtu na akili zake anachukua chakula halali anakipa jina la haramu? Mimi nikizaa mtoto mwema nimwite Shetani?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Njaa ikaamua. Akaagiza kile cha sukari na siki, kidogo tu, "kuchunguza". Kikaja kinang'aa, vipande vyekundu, nanasi na pilipili hoho. Akala kimoja macho yamefumba. Akala cha pili macho wazi. Cha tatu alikichukua kwenye sahani yangu. Akaongeza na bata, ambaye naye si bata. Kisha akatoa simu, akapiga picha sahani, na menyu ipo palepale pembeni, wazi, ukurasa uleule.

Bili ikaja dola 48. Juu yake kodi ya jiji na jimbo, asilimia 8.875. Hiyo nukta nane saba tano sijui ni ya nani, lakini inafika kwake kila siku. Halafu bakshishi, asilimia 20, usipotoa unaangaliwa kama mwizi wa viatu msikitini. Ikawa dola 61 na senti 86. Mjomba akaibadilisha kwa shilingi kwenye simu yake, akasema kwa ngano ile tungepata gunia.

Tunashuka ngazi za Grand Street, simu yangu inatetemeka. Saa nane mchana kwetu, Dar ni saa tatu usiku, watu wamemaliza kula, wako na simu mkononi. Mjomba alikuwa ameshaituma ile picha kwenye kundi la ukoo, kwa maneno mawili: "Tamu sana." Kundi lina watu 64. Mtoto wa shule kaikuza picha na kuisoma menyu, akawatafsiria. Shehe wa ukoo kaandika innalillahi. Shangazi katuma sauti ya dakika nne, sikuifungua.

Treni inaingia, mama anapiga.

"Ni kweli umempeleka kaka yangu kula kitimoto?"

Mjomba keshakaa, anachokoa meno, ametulia kabisa. Milango ikajifunga. Nikasema haraka haraka, nikijua mtandao unakatikia kwenye handaki: "Mama, kitimoto kilikuwepo, na amekula, amekipenda, lakini..."