Madenge naye apewe ukuta

Dundee, mji wa Uskoti ninakoishi siku hizi, hauoni haya kuziheshimu katuni za watoto. Katikati ya mji amesimama Desperate Dan wa shaba, lile pande la mtu la gazeti la Dandy, na watu wanaahidiana kukutana miguuni pake kama sisi Mwanza tunavyoahidiana kwenye kipilefti cha samaki. Beano, gazeti lililomfuata Dandy, lilianza Julai 1938 na mpaka leo linatoka kila wiki. Lilipotimiza miaka 80, mwaka 2018, makumbusho ya mji yaitwayo McManus yalijiita McMenace kwa muda, kwa heshima ya Dennis the Menace, mtoto mtukutu kuliko wote. Hebu fikiria makumbusho ya kwetu yajibandike jina la Madenge, yule mtoto mtundu wa gazeti letu la katuni, Sani. Barua ya kujieleza ingefika kabla rangi ya kibao haijakauka.

Hivi karibuni nilimpeleka binti yangu kwenye maonyesho ya michoro hiyo ya zamani. Vichekesho vyenyewe nilivipita haraka, maana utani wa Waingereza unataka uwe umezaliwa nao. Nilichong'ang'ania ni karatasi. Mchoro wa asili ni mkubwa kuliko ukurasa wa gazeti, na ukiusogelea unaona kazi yote: mistari ya penseli ambayo wino haukuifunika, rangi nyeupe iliyopakwa pale mkono ulipoteleza, vipande vya maneno vilivyokatwa na kubandikwa kwa gundi, gundi yenyewe sasa imegeuka rangi ya chai. Unamwona mtu akihangaika na pua ya mhusika mpaka ikae. Mchoro wa mwaka 1954 wa watoto wa Bash Street wakifurika kutoka darasani umejaa fujo kiasi kwamba binti yangu alisimama hapo akitafuta nani kampiga nani, mpaka mlinzi akatuambia tusiegemee kioo.

Hapo ndipo nilipoanza kuwaza Kirumba, kule kwetu Mwanza.

Sisi Sani tulilisomea kwa kinyozi. Nakala moja ilikaa kwenye benchi mpaka jalada linatoka, na aliyekuja kunyolewa alisoma kwa sauti ili na wasiojua kusoma wacheke. Ndumilakuwili wa katuni akimgeuka mtu, benchi zima linatoa hukumu. Lodi Lofa akijidai mjanja, kuna mzee atasema anamfahamu mtu wa hivyo Igoma. Likishachakaa linakwenda kufungia karanga, na hata hapo ulikuwa unanunua karanga halafu unanyoosha karatasi usome kipande cha hadithi kisicho na mwanzo wala mwisho. Nimeishi ughaibuni muda wa kutosha kusema bila woga: usomaji ule ulikuwa mzuri kuliko huu wa kunong'ona mbele ya kioo. Huku katuni inaheshimiwa. Kule ilikuwa inajibiwa.

Tena Sani halikuwa la watoto, tuseme ukweli. Kulikuwa na kurasa ambazo mama akikukuta nazo hapakaliki. Waingereza walijenga uzio, gazeti la mtoto huku, la baba yake kule. Kwetu mtoto alisoma alichoacha baba, akaruka asichokielewa, akabaki na Madenge, kwa sababu utundu wa Madenge aliuelewa bila kufafanuliwa.

Lakini utamu wa benchi la kinyozi hautunzi kitu. Leo nikitaka kumwonyesha binti yangu mchoro wa Philip Ndunguru, mchoraji wa Sani aliyefariki mwaka 1986 akiwa bado kijana, nitampeleka wapi? Chakubanga, katuni ya Christian Gregory, aliwachekesha wasomaji wa gazeti la Uhuru miaka na miaka. Karatasi alizochorea kwa mkono wake ziko ukuta gani?

Msinijibu kwamba Wazungu wamezaliwa na tabia ya kutunza. Kwa miongo mingi wachoraji wa Beano hawakuruhusiwa hata kutia sahihi, isipokuwa mmoja mmoja kama Dudley Watkins. Mchoraji Leo Baxendale, aliyewabuni hao watoto wa Bash Street, alisumbuana na wachapishaji mahakamani miaka saba kudai haki ya kazi yake, mpaka wakamalizana nje ya mahakama mwaka 1987. Leo jina lake liko ukutani kwa herufi kubwa. Kwetu mchoraji alitia sahihi yake pembeni na kila mtu pale kwa kinyozi aliijua. Wao walitunza karatasi wakamnyima mtu jina, sisi tukampa mtu jina tukafungia karanga karatasi yake. Sioni wa kumcheka mwenzake.

Na kutunza tunaweza. Nendeni Bujora, pale Kisesa, mwendo mfupi tu kutoka mjini kwa barabara ya Musoma. Makumbusho ya Wasukuma yapo tangu enzi za Padri David Clement, na ngoma za watemi zimepangwa, na mtu wa kukueleza Bagika ni nani na Bagalu ni nani, yale makundi mawili ya wacheza ngoma, yupo. Kama ngoma iliyochezwa mpaka ngozi ikapasuka inastahili paa, mchoro uliochekesha nchi nzima unastahili angalau chumba kimoja. Kisiwe na vioo vingi. Wekeni benchi, wekeni nakala za kushikwa, na muiteni kinyozi kama mnaweza. Mwanza ina wachoraji wa vibao vya saluni na migongo ya daladala ambao walijifunza kuchora uso kwa kunakili kurasa hizo. Hao ndio waulizwe kwanza, kabla ya kuita mtaalamu kutoka Dar.

Mimi nimeanza na ukoo wangu. Shangazi yangu wa Nyakato ana gunia la magazeti ya zamani, na Sani zimo. Nilimpigia simu kumwomba alitoe sakafuni alipandishe juu ya kabati, mchwa wasije wakaliwahi.

"Baba," akaniambia, "juu ya kabati kuna mabeseni ya harusi. Tuma hela ya kabati."

Nimetuma.